Wiki Yetu Ilianza Jumamosi

Enzi zetu wiki ilianza Jumamosi. Kijana wa leo atabisha, kwa sababu kwake wiki haina kichwa wala mkia, siku zote ni kidole gumba juu ya kioo cha simu. Lakini sisi watoto wa Kiswahili tuliolelewa kwenye miji ya Ghuba miaka ile tunaelewana. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuvaa sare za shule. Alhamisi mchana kazi zilifungwa. Ijumaa mji ulilala mpaka adhana ya adhuhuri.

Mimi niliishi Sharja mpaka nilipofika miaka minane. Baba yangu alikuwa msimamizi wa stoo ya baridi, mahali panapohifadhiwa samaki na kuku wa kuganda, na alirudi nyumbani ananuka maboksi yaliyolowa. Alhamisi, akishaoga, alikuwa mtu mwingine. Mama alifunga mkeka, chupa ya chai, sambusa na katlesi, tukapanda gari letu bovu kwenda kwenye majani ya ufukweni. Njiani lazima tusimame kwenye mkahawa wa chai ya karak. Hakuna aliyeshuka. Baba alipiga honi mara moja, Mhindi akatoka mbio na trei, chai ikaingia dirishani ikiwa na iliki na sukari ya kuuma meno. Nimekunywa kila aina ya kahawa ya Toronto, na leo nina uwezo wa kuagiza kinywaji chochote nikitakacho, lakini sijapata kilichoishinda chai ile.

Ufukweni watu walikaa kwa miji waliyotoka bila kupangwa na mtu. Watanga hapa, Wamombasa pale, Waunguja wakigombana kuhusu mpira uliochezwa kabla hatujazaliwa. Nyuma yetu, kwenye maegesho ya magari, Wahindi walicheza kriketi na kreti la soda ndilo lililokuwa wiketi, shabaha ya mrusha mpira. Sisi watoto tulikimbizana mpaka magoti yakawa na mchanga unaowasha. Halafu Baba alijilaza kwa kiwiko na kutusomea habari. Gazeti hakuwa nalo. Habari alizikusanya wiki nzima kwa madereva waliokuja kupakia mizigo, na siku zote alianza hivi: "Hapa kwetu leo."

Hapa kwetu leo ngamia ameingia barabara kuu, polisi wanambembeleza atoke. Hapa kwetu leo imenyesha mvua kidogo, watu wamesimamisha magari wakashuka kwenda kulowa. Hapa kwetu leo mzee mmoja wa Kimombasa amenunua suti ya harusi, bado mke.

"Hiyo ya suti umeitunga," Mama alimkatiza.

"Habari haikatwi katikati, Mama Idi," Baba alijibu. Mimi ndiye Idi.

Tatizo la Ghuba ni moja, na kila aliyeishi kule analijua. Utakaa miaka thelathini, utajua vichochoro vyote, lakini wewe ni mgeni. Kazi ikiisha na kibali kimeisha. Baba aliliona hilo mapema, akaomba uhamiaji wa Kanada, na sisi wanne, yeye, Mama, mimi na mdogo wangu Zuhura, tukashuka uwanja wa ndege wa Toronto mwezi wa pili, Zuhura akiwa amevaa kandambili na soksi. Baba alikaa nasi majuma machache. Uzoefu wa kazi alikuwa nao tele, lakini waajiri waliutaka ule uliopatikana huko huko Kanada, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuosha vyombo. Akatukalisha kitako. Akasema atarudi Sharja kwa mkataba mmoja tu, miaka miwili, tupate mtaji, kisha atakuja kukaa nasi moja kwa moja.

Basi utoto wangu wote niliusubiri mkataba ule uishe.

Tulipanga kwenye jengo refu Mississauga, nje kidogo ya jiji, na hatukuwa peke yetu. Jengo lilijaa wanawake ambao waume zao walikuwa Ghuba. Wapakistani, Wahindi, sisi. Wakikutana kwenye lifti waliulizana "Amepiga?" badala ya "Hujambo?" Mama hakupenda tumlilie Baba mbele za watu. Tukianza, alisema: "Baba yenu hakuwakimbia, anawakimbilia. Kasi yake tu ndiyo ndogo."

Na Mama, mtoto wa Chumbageni, Tanga, asiyeogopa mtu, alikataa kuihamisha wiki. Nchi nzima ya Kanada ilianza kazi Jumatatu, lakini mlango wetu ukifungwa ilikuwa Sharja. Jumamosi alfajiri, watoto wenzetu wakiwa kwenye magodoro wanatazama katuni, sisi tumeamshwa, tumepangwa mezani na daftari za hesabu, kisha sakafu, kisha nguo. "Jumamosi ndiyo Jumatatu ya baba yenu," alisema. "Akiwa kazini, na sisi tuko kazini." Alhamisi ilikuwa sikukuu. Tulikula biriani, tukafukiza udi mpaka jirani akauliza kama kuna moto, tukatandika mkeka sebuleni tukakaa mpaka macho yakafumba yenyewe. Ijumaa nilisinzia darasani kama mlinzi wa zamu. Mwalimu alimwita Mama shuleni, akamuuliza kwa nini mwanawe analala kila Ijumaa. Mama, kwa Kiingereza chake cha wakati ule, alimjibu kwamba kwetu Ijumaa ni mapumziko, na kama mtoto anakwenda shule siku ya mapumziko wamshukuru.

Kiini cha Alhamisi kilikuwa simu. Ilitundikwa ukutani jikoni na waya wake uliojikunja. Saa moja asubuhi kwetu, giza la majira ya baridi bado halijaondoka dirishani, kwa Baba ni saa kumi jioni, kazi zimefungwa tangu mchana, yeye yuko ufukweni. Alitumia kadi za kukwangua, kwa hiyo muda ulikuwa wa kugawana. Mama alianza. Akafuata Zuhura. Mimi mkubwa nilikuwa wa mwisho. Kila mtu alipewa habari yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hapa kwetu leo maji yametulia. Wahindi wamemtoa mchezaji wao bora kwa mpira wa kwanza, amekaa kwenye boneti ya gari letu analia. Nimempa chai."

Nami nilimweleza mtihani niliofaulu, ugomvi nilioshinda, theluji ilivyofika gotini. Akishamaliza na mmoja alisema, "Nani anafuata?" na simu ikapita mkono kwa mkono. Hata alipomaliza na mimi, ambaye nyuma yangu hakuna mtu, alisema hivyo hivyo: "Nani anafuata?" Ndiyo ilikuwa kwaheri yake.

Baada ya hapo nilitoka kwenda shule nikiwa mtu mwenye habari mdomoni. Pale tulipokuwa tukisubiri basi la shule palikuwa na watoto wenzangu wa Ghuba, na mchezo wetu ulikuwa kushindania joto. Tumevaa makoti kama magunia, pua zinavuja, tunabishana.

"Jana Doha jua limeyeyusha kandambili za baba," alisema Farhan wa ghorofa ya nne.

"Hilo joto au homa? Sharja yai linakaangwa juu ya boneti."

"Baba yako anakula yai la boneti?"

"Na mkate. Wewe baba yako anatembea peku."

Sijisifu, ila hakuna aliyewahi kunishinda. Watoto wa siku hizi wanabishana kwa vidole, kila mmoja chumbani kwake, kisha wanaambiana wamechoka. Sisi tulibishana kwenye baridi ya kukausha mate, na basi lilipokuja tulikaa kiti kimoja.

Mkataba wa kwanza uliisha. Baba alikuja mwezi mmoja, akatuletea halua na marashi, akarudi kwa mkataba mwingine mmoja tu. Wa pili ukaisha, vivyo hivyo. Mama aliacha kuhesabu mbele yetu. Lakini Alhamisi haikupungua hata moja. Sauti ilikuja, bahari imetulia au imechafuka, kuna ndoa, kuna gari limezama kwenye mchanga. Mimi nilikuwa na ndevu mbili tatu sasa na bado nilisimama kwenye foleni ya jikoni.

Halafu alikuja Ami Seif. Huyu alikuwa akifanya kazi na Baba stoo moja, mtu mnene mcheshi, amekuja Toronto kumtazama binti yake aliyeolewa. Alitutembelea siku ya Alhamisi jioni na boksi la tende. Akaiona meza, biriani, kachumbari, udi unafuka.

"Shemeji, kuna mgeni mkubwa kuliko mimi?"

"Leo Alhamisi, Ami," alisema Zuhura.

"Naiona. Ina nini?"

"Si siku ya kufunga kazi? Baba ametupigia leo akiwa ufukweni."

Ami Seif alicheka. "Alhamisi ya wapi hiyo? Serikali iliyahamisha mapumziko zamani, siku hizi ni Ijumaa na Jumamosi. Alhamisi sisi tunatoka stooni jua limeshazama. Kwanza ndiyo siku ya kontena..." Alitutazama mmoja mmoja, akaona nyuso zetu. "Au pengine yeye humpa ruhusa bosi. Maana yake, bosi humpa yeye ruhusa." Akala biriani haraka.

Alipoondoka nilimgeukia Mama. Nilikuwa na hasira ya ujana. Ina maana kwa miaka yote ile bahari ilikuwa ya uongo? Mama alikuwa anakusanya sahani.

"Nilijua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Alhamisi ya kwanza, mapumziko hayajahamishwa bado, yeye akifanya saa za ziada. Lile gari la kunyanyulia mizigo likirudi nyuma linalia pi, pi, pi. Nilikaa Sharja miaka kumi, mimi. Bahari hailii pi, pi, pi."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Mtu anatoka kwenye friza, vidole havikunjiki, anasimama mlangoni pa stoo akuletee bahari. Unapokea kwa mikono miwili." Akafungulia maji ya bomba. "Na ninyi Alhamisi ijayo mtaipokea."

Tuliipokea. Sasa nami nilisikia. Nyuma ya mawimbi ya Baba ilikuwepo pi, pi, pi, na mtu anayepiga kelele za Kihindi, na mlango mzito unaofungwa. Kumbe hizo zote nilikuwa nikizisikia tangu zamani nikadhani ni za ufukweni. Na lilinijia jambo lililoniumiza zaidi ya uongo wenyewe. Miaka yote niliyomsimulia baridi yetu kama shujaa, nikamwambia yeye hajui baridi ni nini, alikuwa amesimama ndani yake.

Wanaoniuliza kwa nini nilichagua kusomea majokofu na viyoyozi huwajibu kwamba kuna pesa. Ni kweli kuna pesa. Nilijiunga na chuo Toronto kwa jasho langu, mchana nasoma, jioni napakua malori, sikumwomba mtu nauli. Wenzangu wengi waliotoka nyumba zenye baba ndani waliacha shule njiani. Mimi sikuacha.

Nikiwa mwaka wa pili, mkataba wa Baba haukuongezwa. Umri ulikuwa umekwenda. Akaja, safari hii na masanduku yote. Mama alifua mapazia. Zuhura aliandika karatasi ya kumkaribisha akaishika uwanja wa ndege kana kwamba Baba angetupotea. Kile tulichokisubiri tangu kandambili na soksi kilikuwa kimefika, kinasukuma kitoroli, kimevaa koti jepesi.

Lakini Baba hakujua vikombe vinakaa wapi. Alibisha hodi kwenye mlango wa sebule ya nyumba yake. Mezani aliniuliza, "Masomo?" nikajibu, "Mazuri," tukasikilizana tukitafuna. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na yeye, najua, alikuwa nayo. Hayakutoka. Jumatatu hivyo, Jumanne hivyo. Jumatano nilimsikia Mama chumbani akisema, "Baba Idi, zungumza na watoto," naye akasema, "Nazungumza vipi, wapo hapo hapo?"

Alhamisi asubuhi, saa moja, tulikuwa jikoni tunakunywa chai. Baba hayupo mezani. Simu ya ukutani ikalia. Hakuna aliyekuwa akitupigia saa ile isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa ndani ya nyumba. Mama alinyanyua.

"Haloo."

Akageuka kuelekea sebuleni. Kupitia kioo cha mlango wa roshani tulimwona Baba amesimama nje kwenye theluji, koti limefungwa mpaka kidevuni, simu ya mkononi sikioni, ametupa mgongo. Mama hakucheka. Alijibu kama alivyojibu miaka yote.

"Aleikum salaam, Baba Idi. Huku sote wazima. Habari za huko?"

Akasikiliza. Akaitikia. Kisha akampa Zuhura, na Zuhura akanipa mimi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hapa kwetu leo theluji imefunika magari yote. Yupo bwana mmoja chini, amefagia gari zima, limeng'aa, kumbe si lake. Sasa anamtazama mwenyewe akiondoka nalo." Nilicheka. Mabega yake nayo yalitikisika kule nje. "Haya niambie. Masomo?"

Nikamwambia. Kuhusu mwalimu anayenionea, msichana wa Kikenya wa darasani, hofu yangu ya mtihani wa umeme, yote. Aliniuliza maswali, akanishauri, akanitania. Ndiyo mara ya kwanza nilizungumza na baba yangu tangu afike. Pumzi yake ilikuwa inapanda juu kama ya birika, wala hakugeuka.

"Nani anafuata?" akasema, akakata.

Alivumilia majira ya baridi yale tu. Theluji ilipoyeyuka, Ami Seif alimtafutia kazi ya kulinda geti la stoo ile ile, kwa mkataba mmoja tu. Uwanja wa ndege alitukumbatia kwa haraka. Wiki ile ile Alhamisi simu ililia, bahari ilikuwa imetulia, na nyumba nzima, naona haya kusema, ilipata nafuu.

Nilipohitimu, nilimsubiri Alhamisi. Nikamwambia stashahada ninayo mkononi.

"Isome," alisema.

Nikaisoma kwenye simu, jina la chuo, jina la fani, kwamba nimefaulu kwa daraja la juu, jina langu, kisha lake, kisha la babu.

"Soma tena hapo kwenye majina."

Nikasoma tena. Nyuma yake pi, pi, pi. Akaniambia subiri, nikamsikia akiwapigia kelele wasimamishe lile gari, mwanawe anasoma. Nikasoma mara ya tatu.

Mkataba ule hakuumaliza. Simu ililia siku ya Jumanne. Mama alikuwa anakata vitunguu, akaitazama inavyolia, na kabla hajainyanyua alikaa kwanza chini. Alikuwa Ami Seif. Walimzika Baba kule kule, Alasiri, kwenye mchanga wa Sharja.

Leo nimerudi kwetu Tanga. Vyumba vya baridi vya wauza samaki wengi wa hapa nimevifunga mimi, na vya matunda mpaka Lushoto. Stashahada iko ofisini kwenye fremu ya mninga, anayeingia lazima aione. Nimejenga ghorofa, nimempa Mama chumba chenye upepo, na roshani niliitaka mimi mwenyewe, fundi akisema haina kazi. Mafundi wangu vijana nawaachia Alhamisi mchana. Wanapokea ruhusa, wanacheka pembeni: "Mzee ana sikukuu yake." Wala hawaulizi ni ipi. Vijana wa siku hizi hawaulizi kitu, wanadhani kila jibu tayari liko mfukoni.

Zuhura yuko Pickering, jirani na Toronto, ana mume anayelala nyumbani kila siku na watoto wawili wanaoelewa Kiswahili lakini hujibu Kiingereza. Alhamisi, kwao asubuhi, nawapigia. Siku hizi hakuna kadi ya kukwangua wala foleni, tunaonana sura bila malipo mpaka uchoke. Mkubwa ananisalimu huku anatafuta kiatu. Mdogo namuuliza habari za huko, anasema hakuna. Asubuhi nzima ya Toronto, na hakuna. Kisha simu inalazwa mezani na wanakwenda kuvaa makoti, na ninachobaki nikikiona ni dari ya jikoni kwa dada yangu, nyeupe, na taa moja.

Sikati. Nimesimama roshani, nimeupa mgongo mlango, Mama yuko ndani na chai yake, najua anasikiliza.

"Hapa kwetu leo," naanza. Naieleza dari kuhusu mvua ya Chumbageni, mbuzi aliyeingia benki, bwana harusi aliyekosea nyumba. Nasoma mpaka ya mwisho. Kule mlango unafungwa, basi la shule limefika.

"Nani anafuata?" nasema, na nasubiri kidogo kabla ya kukata.